Ukienda kumtazama simba Lang'ata, tazama na komeo la mlango wake

JE, Jumapili hii umepanga kuwapeleka watoto wapi? Iwapo wewe ni mkazi wa Nairobi, bila shaka swali hilo huulizwa nyumbani kwako kila mwisho wa mwezi, na yamkini jibu lako ni lile lile la siku zote: tembea mjini kidogo, aiskrimu moja kila mtu, kisha nyumbani kabla mvua haijanyesha.

Basi leo, msomaji mpenzi, nataka tufuatane mahali ambapo huenda umepapita mara mia ukiwa ndani ya matatu bila kugeuza shingo. Panda gari nambari 125 au 126 pale Railways, yale yaendayo Ongata Rongai na Kiserian. Litashika barabara ya Lang'ata, lipite uwanja wa ndege wa Wilson na bustani ya Uhuru Gardens, na punde si punde utingo atakuuliza kama unashukia lango la mbuga. Mwambie ndiyo. Hilo ndilo lango kuu la mbuga ya taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka wa 1946, ya kwanza nchini mwetu. Ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba, na ukiwa ndani yake unaweza kumwona twiga akiwa amesimama mbele ya majumba marefu ya jiji.

Leo hatuingii mbugani, maana huko kunahitaji gari. Tunakwenda kwa miguu mpaka kwenye makao ya wanyama mayatima yaliyo hapo hapo langoni. Makao hayo yalianzishwa mwaka wa 1964, miezi michache tu baada ya Uhuru, na siku hizi yako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Tafadhali usiyakanganye na yale ya ndovu wachanga yaliyoanzishwa kwa jina la David Sheldrick. Yale yana lango lake upande mwingine wa mbuga, na huwezi kuingia bila kupanga mapema. Familia kadhaa zimefika lango kuu na watoto waliovaa vizuri kuja kumwona ndovu akinyonya chupa, zikaambiwa zizunguke.

Hapa wenyeji wakuu ni jamii ya paka. Kuna simba na duma, kuna chui, na kuna wale wadogo ambao watu wengi wa mjini hawawajui kwa jina: mondo, mwenye miguu mirefu na masikio makubwa kama ya punda, na simbamangu, mwenye vishungi vyeusi kwenye ncha za masikio. Wengi wa wanyama wa makao kama haya waliletwa wakiwa wachanga, mama zao wakiwa wameuawa au wametoweka, au waliokotwa wakiwa wameumia. Mnyama aliyelelewa kwa mkono wa binadamu hana woga wa binadamu, na simba asiye na woga wa binadamu hawezi kurudishwa nyikani karibu na maboma ya watu. Hiyo ndiyo sababu ya waya unaouona. Haukuwekwa kwa ajili ya kumtesa.

Sasa, watu wote wakifika hapa humtazama mnyama. Mimi nakuomba utazame nyumba yake pia.

Anza na mlango. Nyumba ya paka mkubwa iliyojengwa kwa akili haina mlango mmoja, ina miwili. Mtunzaji hufungua wa kwanza, huingia katika kijumba chembamba, hufunga nyuma yake, na hapo ndipo hugusa wa pili. Haifai hata siku moja milango hiyo miwili iwe wazi kwa wakati mmoja. Simba akimponyoka mtunzaji kwenye mlango wa ndani, atajikuta bado yumo kifungoni. Ni jambo dogo la mafundi wa mbao na chuma, lakini ndilo linalokuwezesha wewe kusimama hapo na pakiti ya njugu mkononi.

Pili, tafuta chumba cha nyuma. Kila ua wa simba au chui hutakiwa kuwa na angalau sehemu mbili zilizotengwa kwa lango la kuteleza, na lango hilo huvutwa kwa kamba au mtaimbo kutoka nje. Asubuhi, mtunzaji akitaka kufagia, haingii aliko simba. Simba ndiye anayehamishwa. Huwekewa nyama upande wa pili, akiifuata lango huteremshwa, komeo hutiwa, kufuli hufungwa, na kufuli hiyo huvutwa kwa mkono kuhakikisha imeshika. Kisha huhesabu. Ikiwa simba wa ua huo ni watatu, ni lazima awaone watatu kwa macho yake upande ule mwingine kabla ya kugusa mlango wa upande huu. Asidhani tu kwamba wamo. Na kazi hii hufanywa na watu wawili, mmoja akimwangalia mwenzake, kwa sababu mtu aliyezoea jambo kwa miaka kumi ndiye anayesahau komeo siku ya kumi na moja.

Tatu, tazama juu. Simba hahitaji sana paa ikiwa ukuta wa waya ni mrefu na ncha yake imepindwa ndani. Chui ni habari nyingine. Chui hupanda mti akiwa na swala mdomoni, na huruka juu kiasi cha mita tatu bila kukimbia kwanza, hivyo nyumba yake ni lazima ifunikwe kama tundu la kuku. Duma hapandi sana, lakini ana hatari ya aina yake. Mwili wake umeumbwa kwa mbio za zaidi ya kilomita 100 kwa saa, mifupa yake ni myembamba, na akishtuliwa na kelele anaweza kujigonga kwenye waya na kuvunjika mguu. Ndiyo maana wale wavulana wanaopiga mluzi na kugonga waya ili duma "aamke" wanastahili kutolewa nje. Nasema hivyo bila kuomba radhi.

Mwisho, tazama kile kizuizi kifupi kinachokutenga wewe na waya wenyewe. Wageni wengi hukidharau kwa sababu hakifiki hata kifuani. Kazi yake si kumzuia simba. Kazi yake ni kukuzuia wewe, na ile nafasi iliyoachwa katikati imepimwa kwa urefu wa mikono miwili: wako na wake.

Nilipokuwa huko, mzazi mmoja alimnyanyua bintiye wa miaka kama mitatu, akampitisha juu ya kizuizi na kumsimamisha karibu na waya ili apigwe picha. Simba jike alikuwa amelala kivulini kama gunia. Hakuinuka. Aligeuza kichwa tu, masikio yakasimama, na macho yake yakamtua yule mtoto peke yake, ingawa tulikuwa watu wazima zaidi ya kumi pale. Mtunzaji alitokea upande wa pili, akamwambia yule baba kwa sauti ya chini amrudishe mtoto polepole bila kumgeuzia simba mgongo. Ilikuwa nusu dakika kwa jumla. Baba alicheka, akasema simba wa hapa wamezoea watu.

Naam, wamezoea watu. Hawajazoea mtoto mdogo anayerukaruka. Kwa paka yeyote, kuanzia yule anayelala jikoni kwako, kitu kidogo kinachokwenda kwa vishindo na kutoa sauti nyembamba ni windo. Na mtu akigeuka na kukimbia ndipo huamsha hamu yenyewe. Kucha za simba na chui hujificha ndani ya vidole, na hutokeza pale tu anapotaka kushika. Zimepinda kama ndoana. Zikishika mkono wa shati au kidole kilichopenyezwa kwenye waya, hazisukumi bali huvuta.

Tuseme basi balaa imetokea. Jambo la kwanza ni gumu kuliko yote: usiingie. Mzazi akiona damu hupoteza fahamu zake na kutaka kuruka, na hapo majeruhi huwa wawili. Kumtenganisha simba na mtu ni kazi ya watunzaji, wanaotumia maji ya mpira kwa nguvu, mtungi wa kuzimia moto, vishindo, nyama upande wa pili, na mwisho kabisa bunduki. Wewe piga ukelele wa kuwaita, waondoe watoto wote mahali hapo, na usitupe mawe, kwa maana mnyama anayepigwa hukaza meno.

Aliyeumia akishatolewa, tazama damu kwanza. Ikiwa inabubujika, hakuna kuosha wala kutafuta dawa. Chukua kitambaa safi kuliko vyote ulivyo navyo, iwe leso ama shati lako, ukandamize palepale kwa kiganja bila kufunguafungua kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Iwapo shingo au kichwa ndicho kilichoumwa, mlaze na usimpindue shingo, kwani paka wakubwa huuma shingoni na huenda mfupa umeguswa hata kama tundu linaonekana dogo. Mtu mwingine apige simu, 999 au 112, na mwingine akasimame langoni kuelekeza gari. Mambo haya yakigawanywa mapema hayachukui hata dakika moja. Yasipogawanywa, watu ishirini husimama wakitazama.

Lakini tujaalie, kama ilivyo mara nyingi, kwamba jeraha ni dogo: mkwaruzo wa kucha, au matundu mawili ya meno kwenye kiganja. Hapa ndipo watu hudanganyika. Jino la paka ni kama sindano. Halipasui ngozi sana, hupenya chini sana, na huko chini huacha vijidudu vilivyokuwa mdomoni. Ngozi hujifunga juu, uchafu hubaki ndani, na siku ya pili mkono umevimba kama mkate wa mayai. Kidonda cha namna hii kwenye kiganja au kwenye kiungo cha kidole kinaweza kumwachia mtu ulemavu.

Historia ya bara letu ina ushahidi wake. Mwaka wa 1844, mmishenari David Livingstone alikamatwa na simba huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, akavunjwa mfupa wa mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Alipona, ila mfupa haukuunga sawasawa. Yeye mwenyewe aliamini kwamba koti lake zito ndilo lililofuta uchafu kwenye meno ya simba, kwani wenzake walioumwa siku hiyo bila koti kama lile waliteseka zaidi na vidonda vyao. Miaka 30 baadaye, mwili wake ulipofikishwa Uingereza baada ya Chuma na Susi kuubeba hadi pwani ya Bagamoyo, madaktari waliuchunguza mkono ule ule, na ule mfupa ulioungana vibaya ndio uliowathibitishia kwamba hakika ni yeye.

Leo hatuhitaji koti. Tunahitaji maji na sabuni. Osha jeraha chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa kukadiria. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri, na mtoto atalia, lakini hiyo ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao jina lake limewafanya wengi waamini kwamba huletwa na mbwa tu. Kwa kweli mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuuambukiza, paka wa nyumbani akiwemo, na dalili zikishaanza takriban hakuna anayepona. Usitie mafuta ya taa, tumbaku, majani ya chai wala pilipili. Usikubali tundu la jino lishonwe na mtu wa zahanati aliye na haraka kabla halijasafishwa vyema. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, useme wazi ni mnyama gani aliyekuuma, na uulize mambo matatu: chanjo ya kichaa cha mbwa, sindano ya pepopunda, na dawa za kuua bakteria. Chanjo ya kichaa cha mbwa si sindano moja. Hutolewa mara kadhaa kwa muda wa wiki chache, na anayekwenda ya kwanza kisha akaziacha zingine amejidanganya.

Na je, akiumia mnyama mwenyewe? Watoto huuliza swali hili kuliko watu wazima, nami naona ni swali la haki. Wanyama wa kifungoni hupigana, hukwama kucha kwenye waya, humeza vitu wanavyotupiwa na wageni. Hapo ndipo kile chumba cha nyuma hudhihirisha thamani yake. Aliyeumia hutengwa na wenzake kwa lango lile lile la kuteleza, mahali penye giza na kimya, na hapewi chakula, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi na mnyama aliyeshiba anaweza kutapika na kupaliwa akiwa hajitambui. Kisha daktari wa wanyama hupiga mshale wa dawa kutoka nje. Dawa yenyewe si moja kwa wote. Ile inayotumiwa kumlaza kifaru haiwafai paka, huwatia wazimu badala ya usingizi, na tone lake dogo laweza kumuua daktari. Simba akishalala hufunikwa macho na kuwekwa kivulini, na mtu mmoja huwa hana kazi nyingine ila kuhesabu pumzi zake na kupima joto la mwili. Duma hasa huweza kufa kwa joto akiwa usingizini.

Mmoja wa simba waliopata tiba mashuhuri nchini aliitwa Boy. Alikuwa simba wa kikosi cha wanajeshi wa Uingereza, kisha akatumiwa katika filamu ya Elsa iliyopigwa humu nchini katika miaka ya 1960, halafu George Adamson akamfunza kuishi huru huko Meru. Alipopatikana amevunjika mfupa wa mguu, madaktari walimpasua na kumtia chuma ndani ya mfupa. Aliuguzwa Naivasha, na mwaka wa 1970 Adamson alihamia naye Kora. Hapo nyuma alikuwa amekwisha kumuuma mkono mtoto mdogo aliyekuwa ndani ya Landrover. Mwaka wa 1971 alimuua msaidizi wa Adamson kambini, na Adamson akalazimika kumpiga risasi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mtu aliyewajua simba kumshinda Adamson, na hakuna simba aliyetunzwa kwa gharama na mapenzi kumshinda Boy.

Nayataja haya kwa sababu wapo wanaoamini kwamba wao wanaweza. Mtu huokota mtoto wa mondo au wa chui katika shamba la miwa au majani chai, akamleta nyumbani kwenye kikapu, akamnywesha maziwa ya ng'ombe. Mara nyingi yule mtoto hakuwa yatima. Mama yake alikuwa amekwenda kuwinda. Tena akilishwa nyama tupu bila mifupa hukosa madini ya chokaa, na miguu yake hupinda na kuvunjika kabla hajakomaa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa pori bila kibali, na kibali hicho hakitolewi kwa sababu mnyama anapendeza. Ukimwona mtoto wa namna hiyo, mwache alipo, ondoka mbali, na upashe habari kituo cha askari wa wanyamapori kilicho karibu au chifu.

Kwetu Nairobi jambo hili si hadithi ya mbali. Mbuga yetu ina ua pande tatu, na upande wa kusini uko wazi kuelekea Kitengela ili wanyama wapite. Mwezi wa Machi 2016 simba mmoja alionekana barabara ya Mombasa na kumjeruhi mzee, na kabla mwezi huo haujaisha mwingine, aliyejulikana kwa jina la Mohawk, alipigwa risasi Isinya baada ya kumjeruhi mtu huku umati umemzunguka. Mwezi wa Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba jike karibu na mpaka wa kusini wa mbuga. Simba akionekana mtaani, umati ndio adui wa kwanza, wa watu na wa simba pia, kwa kuwa mshale wa dawa huchukua dakika kadhaa kufanya kazi, na dakika hizo zahitaji utulivu.

Haya, turudi kwenye safari yetu. Msomaji wa Kisumu asione ameachwa nyuma. Hifadhi ya swala pale kando ya ziwa, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1992, ina vizimba vya simba, chui na duma, na unaweza kufika kwa miguu kutoka mjini. Kwa wa Nairobi, uliza ada mapema kwa sababu hubadilika, na uwe na simu yenye pesa, maana langoni hawapokei noti. Mwanafunzi asisahau kitambulisho cha shule. Nenda asubuhi mapema au baada ya saa tisa jua likipoa, kwani saa sita mchana utawakuta simba wote wamelala chali na watoto watasema umewapunja. Beba maji, acha mpira nyumbani, na mshike mkono yule mdogo kuanzia langoni. Ukitoka, vuka barabara kwa uangalifu, na usingoje mpaka saa kumi na moja, saa ambayo magari ya kurudi mjini huwa hayasimami pale.